Kumi kwa Kumi Mbele ya Shuka la Maua

Jumatatu, 4 Machi

Bahati imenipenda mimi kuliko wanaume wote wa mtaa huu! Wengine wamezaliwa na mashamba, wengine wamezaliwa na sura. Mimi nimezaliwa na masikio. Na leo yamethibitishwa mbele ya mashahidi — kumi kwa kumi! Naandika tarehe vizuri ili wajukuu wasije wakabisha.

Ilivyokuwa: Shemeji, yaani mume wa dada yangu, ndiye mwenye duka hili la spika na amplifaya. Amechoka kutusikia mimi na Bi Mita tukibishana. Bi Mita ni fundi aliyeletwa mwezi wa kumi na mbili kwa majaribio ya miezi mitatu. Mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, haendi popote bila maikrofoni yake ya kupimia na kompyuta yake. Jina nimempa mimi. Yeye anachagua vyombo kwa grafu. Mimi nachagua kwa sikio, kama nilivyofanya miaka kumi na tisa, tangu niache kuzunguka na bendi. Duka moja, wachaguzi wawili. Mteja anauliza swali moja, anapata majibu mawili, anaondoka zake na mikono mitupu.

Ugomvi wenyewe ni amplifaya mbili. Moja kubwa, nyeusi, nzito, kuinyanyua lazima uite jirani. Naiita Mzee. Nyingine ndogo, ya rangi ya kijivu, unaibeba kwapani kama gazeti. Hiyo ni Kijivu. Bei ya Mzee unanunua Kijivu sita. Mimi nikasema Mzee ana sauti ya kifalme, tujaze duka. Bi Mita akasema amezipima zote mbili, na zikisawazishwa sauti hakuna binadamu atakayezitofautisha. Hakuna binadamu! Mbele yangu!

Shemeji akasema basi, leo tumalize. Dada akaleta shuka lake la maua, tukalitundika mbele ya vyombo. Bi Mita akakaa nyuma ya shuka na swichi yake. Kila duru Shemeji anarusha sarafu na kumwonyesha yeye tu: kichwa ni Mzee, mwenge ni Kijivu. Kabla ya kuanza, Bi Mita alitumia nusu saa nzima na mita mkononi akisawazisha sauti, maana anasema ukimpa mtu sauti iliyo juu kidogo tu, atakwambia hiyo ndiyo nzuri. Nusu saa! Nikamwambia, Bi Mita, sawazisha mpaka kiama, mimi nipo.

Nilikaa kwenye benchi langu, lile ambalo seremala aliliunga na rafu ya vyombo kwa ubao mmoja mrefu. Nikafumba macho. Duru ya kwanza, nikasema Mzee. Sawa. Ya pili, Mzee tena. Sawa. Ya tatu, Kijivu. Sawa! Ilipofika ya saba Shemeji alikuwa anatoka jasho kama yeye ndiye anayefanya mtihani. Kumi! Dada alipiga makofi mpaka bangili zikaruka.

Shemeji akanishika mkono mbele ya wote. Uamuzi ndio huo: duka linafuata masikio. Bi Mita atafanya kazi mpaka Jumamosi ya tarehe kumi na sita, kisha asante na kwaheri.

Bi Mita akatoka nyuma ya shuka. Hakununa. Alinipa mkono, akasema, "Hongera, kaka Profesa. Sijawahi kuona."

Profesa ni mimi. Darasa la sita, lakini Profesa.


Jumanne, 5 Machi

Leo nimetembea kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Habari imefika mpaka kwa kinyozi wa jirani. Ananiuliza, ni kweli Profesa unasikia hata mchwa wakitafuna? Nikamwambia nasikia wakibishana nani aanze. Watu walicheka, mmoja akanyolewa ndevu upande mmoja zaidi ya alivyotaka.

Dukani mteja akauliza Mzee ana nini ambacho Kijivu hana. Nikampa fulu, maelezo yote. Hewa, bwana! Hewa kati ya chombo na chombo. Ukisikiliza Kijivu unasikia gitaa. Ukisikiliza Mzee unajua kwamba mpiga gitaa amevua viatu. Mteja akabaki mdomo wazi. Shemeji nyuma ya kaunta alikuwa kama anatazama mwanawe akihitimu.

Nilipogeuka nikamwona Bi Mita anaandika kwenye daftari lake. Nikasema, "Bi Mita, hiyo barua ya posa unamwandikia nani?"

Akasema ameandika "hewa" na "viatu". Anataka kuvitafuta kwenye grafu.

Nikadhani ni utani. Huyu mama akishika kalamu hana utani.


Jumatano, 6 Machi

Bi Mita amewafungua Mzee na Kijivu, wote wawili, wako mezani matumbo nje.

Nisiseme uongo, nilisimama pale kutazama kwa muda mrefu. Nimefanya kazi na mafundi wa miji saba, nimelala hoteli ambazo ufunguo wake ni kadi, na sijaona mikono kama ile. Kila skrubu inalala kwenye sahani kwa mpangilio ilivyotoka. Ukiitazama sahani unaweza kumfunga Mzee tena umefumba macho. Waya hakunji hata mmoja. Anaufuata unavyotaka kuzunguka wenyewe, anauviringisha polepole, anaulaza. Na hasemi na mtu. Anasema na vyombo. "Haya, na wewe una nini?" Nimemsikia mwenyewe, anamwuliza Kijivu.

Halafu akaniuliza mimi. Hewa ile, kaka, iko kwenye sauti za juu au kwenye besi?

Nikasema katikati. Kwa juu kidogo. Zaidi upande wa kushoto.

Kaandika! "Zaidi upande wa kushoto." Akapigia mstari.

Nilicheka sana kwenda kumsimulia Shemeji. Ila chai ya saa nne niliiacha nusu.


Alhamisi, 7 Machi

Shemeji ana mpango. Jumamosi ya tarehe kumi na sita, siku ya mwisho ya Bi Mita, wateja wote wakubwa wataalikwa. Shuka lile lile, mchezo ule ule. Profesa atapiga kumi kwa kumi mbele ya umati! Akina Mzee wengine kumi wameshaagizwa.

Anataka benchi liondolewe, alete sofa ya nyumbani ili nionekane mtu wa maana.

Nikakataa katakata. Benchi haliendi popote. Masikio yangu yamelizoea.

Shemeji akasema, "Kwani shemeji, wewe masikio yako yapo wapi?"

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka kuliko wote. Benchi linabaki.


Jumamosi, 9 Machi

Siku ndefu. Lazima niandike yote.

Asubuhi mama mshonaji alipiga simu, kwa sauti ambayo haikuhitaji simu. Wiki iliyopita nilimchagulia spika mbili. Ana chumba cha kushonea chenye cherehani nne na mafundi watatu, anataka kusikia taarifa ya habari na hadithi za redio bila kuzidiwa na mashine. Nilizichagua hapa dukani, kwa sikio. Zilikuwa tamu kama asali! Shemeji akasema niende nikaone kuna nini, na Bi Mita akaomba tufuatane.

Tumefika, mama akawasha. Vuuum! Utadhani lori la kokoto limeingia chumbani na dereva hajazima. Mtangazaji alikuwa anaongea kutoka ndani ya pipa.

Mimi simpi mteja nafasi ya kukata tamaa. Nikamwambia, "Mama, spika mpya ni kama viatu vipya. Zipe wiki mbili zilegee."

Akanitazama kuanzia kofia mpaka soksi. "Mwanangu, viatu vipya vinanibana mguu. Hizi zinanibana kichwa. Sasa hapa anayetakiwa kulegea ni spika au ni mimi?"

Mafundi wake waliacha kushona ili wacheke vizuri.

Bi Mita akaweka boksi lake chini. Akaomba mashine zizimwe dakika kumi. Wengine wangepima katikati ya chumba na kuondoka. Yeye akamwomba mama akae kwenye cherehani yake, ainame kama anashona, akapima kwa tepu kichwa chake kinafika wapi. Kisha mama akainuka na maikrofoni ikasimamishwa pale pale, pa kichwa cha mama. Kompyuta ikapiga mluzi kuanzia chini kabisa mpaka juu — fiiiiii! — na mstari ukajichora kwenye skrini. Tambarare, tambarare, halafu upande wa besi kilima kimoja kimevimba kama shavu lenye jino bovu.

Akanionyesha. Hakuwaita wengine, alinionyesha mimi tu, kwa kidole, kimya kimya. Halafu akanionyesha kona. Spika zote mbili tulizisukumiza kwenye kona, na kona inapandisha besi. Dukani kwetu hazikuwa kwenye kona. Basi. Hicho tu!

Tukazisogeza hatua mbili. Akaomba marobota ya vitambaa, akayapanga nyuma ya spika. Akapima tena. Kilima hakuna.

Mimi nikaanza kukusanya waya, nikijua tumemaliza. Bi Mita akazima kompyuta, akakaa sakafuni, mgongo ukutani, akafumba macho, akasikiliza taarifa ya habari nzima mpaka hali ya hewa. Nikamwuliza, si umeshapima, unasikiliza nini tena? Akasema kipimo kinamwambia kilichotoka kwenye spika na kilichofika kwenye kiti. Kilichoingia ndani ya mtu, lazima amwulize mtu. Akafumbua macho akamwuliza mama.

Mama akasema, "Huyu mtangazaji ana mafua. Namsikia akivuta kamasi."

Wote tukatega masikio. Ni kweli! Alikuwa na mafua.

Mama sasa akataka kujua nani alichagua spika hizi, amshukuru au ampige, hajaamua. Mimi nilikuwa nimeshaupima mlango kwa macho. Bi Mita akanyanyua boksi lake, akasema, "Ni kaka Profesa aliyezichagua. Spika nzuri sana. Kona ndiyo ilikosea."

Aliyasema hayo mtu ambaye wiki ijayo hana kazi kwa sababu yangu. Bila kutafuna maneno, bila jicho la pembeni.

Mama akanipa kitambaa cha shati. Ninacho hapa mezani. Cha bluu, kizuri. Dada anasema nimpe akipeleke kushonwa. Nimemwambia asubiri.


Jumapili, 10 Machi

Nimepumzika. Sikuwasha redio.


Jumatatu, 11 Machi

Saa nne, chai, nyuma ya duka, tumekaa kwenye makreti ya soda. Bi Mita akasema, "Kaka, nikwambie kitu usinicheke?"

Nikasema mimi nacheka hata kabla ya kuambiwa, lakini sema.

Akasema siku ile nyuma ya shuka na yeye alikuwa anasikiliza. Duru zote kumi. Swichi iko mkononi mwake, anajua kabisa sasa ni Mzee, sasa ni Kijivu — na hakusikia tofauti hata moja. "Ndiyo maana nakuheshimu," akasema.

Chai ikawa ya moto ghafla.

Akaendelea, taratibu, anavyoongea siku zote. Miaka kumi na moja amekuwa akiwaambia watu: usichukue hicho, chukua hiki cha bei nafuu, hutasikia tofauti. Watu wakamwamini. Sasa kumbe kuna kitu mtu anakisikia kumi kwa kumi na mita yake haikioni. Wiki nzima amepima. Amepima juu, amepima chini, amepima upande wa kushoto. Hakuna. "Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Nimewaficha watu kitu miaka kumi na moja, kwa uso mkavu, na karatasi mkononi."

Nikamwambia asijitese. Masikio yangu ni ya ajabu, hayapo mengine, yalipotengenezwa mashine iliharibika.

Hakucheka. Akasema sikio la ajabu nalo ni sikio. Kama wewe umesikia, basi kipo. Kama kipo na sikukipima, kosa ni langu.

Nilitaka kumwambia. Nimwambie nini? Nikaona heri nitanie. Nikasema labda shida ni miwani, Bi Mita, ioshe kwanza.

Akaivua akaenda bombani akaiosha.


Jumatano, 13 Machi

Ameandika orodha. Wateja wote aliowashauri wachukue Kijivu. Anawafuata mmoja mmoja, saa ya chakula cha mchana, kwa miguu, kuwaomba radhi. Kuwaomba radhi!

Jana alikwenda kwa mwalimu wa kwaya. Huyu alichukua Kijivu wiki nane zilizopita, na kila akipita dukani alikuwa anashukuru mpaka tunakimbilia nyuma. Bi Mita akamwambia, mwalimu, nisamehe, nilikwambia hutakosa kitu, nadhani nilikosea. Mwalimu akamjibu mbona yeye ameridhika. Akamwomba radhi hivyo hivyo.

Leo asubuhi simu ikalia, nikapokea mimi. Mwalimu wa kwaya. Anasema tangu jana jioni amesikiliza vizuri na ni kweli, chombo chake kimekosa hewa.

Hewa! Neno langu lile lile. Limetoka mdomoni mwangu, likaingia kwenye daftari la Bi Mita, likapita kwa mwalimu, na sasa linanirudia sikioni kwa simu. Wiki nane hakuwa na shida hata ya kijiko. Anasema mke wake naye sasa anasikia pengo. Sauti ya nne kwenye kwaya, anasema, imesinyaa. Anataka Mzee.

Shemeji alinipiga bega kwa furaha. "Shem, una mdomo wa dhahabu!" Si masikio tena, ni mdomo.

Mchana, wote walikwenda kula. Nikafunga mlango. Nikawasha Mzee, nikawasha Kijivu, nikaweka wimbo ule ule wa siku ile, sauti iliyosawazishwa na Bi Mita sikuigusa. Nikavuta swichi na waya wake mrefu mpaka kwenye benchi. Nikafumba macho, nikaichezesha mpaka nikapoteza hesabu, nikasikiliza, nikasema moyoni ni nani, nikafumbua kuangalia. Nimekaa. Kisha nimesimama. Nimekaa. Nimesimama. Nimesimama mara ishirini.

Sitaandika zaidi leo.


Ijumaa, 15 Machi

Nimemwomba Bi Mita asiende kwa dereva mstaafu wa treni, mmoja wa wale wa orodha yake. Ameshakwenda! Alianza naye asubuhi.

Mzee wa watu alimkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho, akacheka. Akamwambia, "Binti yangu, honi za treni zilichukua sikio langu moja, na hili lililobaki nalo limestaafu. Mimi nataka kujua wimbo umekwisha tu, nikageuze kanda." Akamtengea kahawa. Bi Mita alicheka akinisimulia, mara ya kwanza wiki hii, na mimi nikacheka naye, na kwa dakika mbili ilikuwa kama hakuna chochote.

Nikamwuliza baada ya kesho ataelekea wapi. Nilitegemea aseme duka lingine. Akasema anarudi kwa kaka yake, wana duka la rangi za nyumba. Rangi mtu anaiona mwenyewe, akasema. Haihitaji mtu wa kumwambia.

Nimesema, lakini wewe ni fundi! Nimemwambia mambo yote. Sahani ya skrubu. Waya. Kichwa cha mama mshonaji. Nimeongea kama redio. Nilisema kila kitu isipokuwa kimoja.

Akasema, "Asante kaka. Una moyo."


Jumamosi, 16 Machi

Niko stoo, nimekaa juu ya katoni ya mmoja wa akina Mzee wapya. Nje kuna viti thelathini na viwili na vyote vimejaa. Mama mshonaji yuko mbele kabisa. Kinyozi amefunga kibanda chake. Mwalimu wa kwaya amekuja na mkewe, wameshika mikono kama wanakwenda kwa daktari. Shuka la maua limepigwa pasi. Benchi limefutwa mpaka linang'aa. Dada alikichukua kile kitambaa cha bluu bila kuniuliza, kimeshakuwa shati, nimelivaa, limenikaa vizuri mno.

Bi Mita aliingia hapa sasa hivi kuniaga. Amekubali kushika swichi kwa mara ya mwisho. Nani mwingine angekubali? Kufukuzwa kwa mchezo, halafu urudi kuucheza ili aliyekufukuza apigiwe makofi!

Aliniwekea boksi lake magotini. Maikrofoni, mita, na kijiti cha kusimamishia. Nikasema hili ni lako. Akasema, "Kaa nalo, kaka. Vyombo viende kwa anayejua anachokisikiliza. Mimi kwenye rangi vitanifia bure."

Nimelifungua. Ndani ya kifuniko amebandika karatasi, mwandiko wake mdogo ule. Tarehe zipo kumi na moja, moja kwa kila mwaka, mwezi ule ule. Ni siku alizopeleka maikrofoni ikaguliwe kama bado inasema kweli. Hajaruka mwaka hata mmoja. Mtu anayepima mpaka kipimo chake!

Nikamwuliza, "Bi Mita, unaniamini?"

Akanishangaa. "Si nilikuwepo? Kumi kwa kumi."

Akatoka kwenda kukaa nyuma ya shuka.

Shemeji anaita. "Profesa! Unakuja mwenyewe au tukubebe na katoni yako?" Watu wanacheka. Wananipenda hawa watu, na mimi nawapenda. Nikitoka nikakaa kwenye benchi, ni kumi nyingine. Najua hivyo kama ninavyojua jina langu.

Naandika haraka. Hata kwenye daftari langu nimepiga chuku, na hakuna anayelisoma isipokuwa mimi. Nani nilikuwa namdanganya humu?

Ile Jumatatu, duru ya kwanza nilibahatisha. Duru ya pili nikaanza kuhisi kitu: Mzee akibeba muziki, chuma cha tumboni mwake kinatetema, kidogo sana, na ule ubao wa seremala unauleta mtetemo kutoka kwenye rafu mpaka benchini. Kijivu hatetemi. Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya kukaa tu. Masikioni hakikuja kitu. Jumatano nikiwa nimesimama, mara ishirini, nilipata tisa. Sarafu ya Shemeji ingepata zaidi.

Bi Mita alipima sawa. Alipima sawa miaka yote kumi na moja.

Mlango unagongwa. Si Shemeji, Shemeji hagongi milango. Anayegonga hapa ni Bi Mita peke yake. Boksi bado liko magotini.

Hakuna hewa. Hakuna viatu. Sikuzaliwa na masikio ya bahati, nina masikio kama ya kila mtu, na kumi kwa kumi ile niliisikia kwa makalio.